Pikipiki Mpya au Iliyokwisha Tumika? Habari za Nyuma za Shauri Lililo Mbele Yetu



Katika ajenda ya Mkutano Mkuu utakaofuata sherehe hizi za miaka kumi ya Chama Kikuu chetu liko shauri moja ambalo limekwisha zungumzwa sana katika vyama vya msingi, na hata njiani na sokoni, kabla halijafika mezani pa Mwenyekiti. Shauri lenyewe ni hili: fedha iliyowekwa akiba kutokana na ushuru wa misimu miwili iliyopita inunue pikipiki mbili mpya, au inunue nne zilizokwisha tumika? Halmashauri imenitaka niandike katika kijitabu hiki habari za nyuma za jambo hili, ili wajumbe waje mkutanoni wakiwa na kitu cha kulipimia. Nimeandika kwa kadiri nilivyosoma na kwa kadiri daftari zetu zinavyoeleza, na mahali penye maoni yangu mwenyewe nimesema kuwa ni yangu.

Jambo lenyewe si dogo. Kila mwanachama ajua kwamba chombo chetu cha kupimia unyevu wa kahawa ni kimoja tu, nacho wakati wa msimu huzungushwa kutoka chama hiki hata kile. Kahawa ya maganda ikipokewa ghalani ikiwa na unyevu zaidi ya sehemu 12 kwa mia huota ukungu. Ikikaushwa kupita kiasi hupoteza uzito na kuvunjika kiwandani. Chombo kikichelewa siku tatu, mkulima hungoja siku tatu na gunia lake, ama karani hupokea kwa kukadiria, akiuma punje kwa meno kama walivyofanya wazee. Basi tunaponena habari ya pikipiki, twanena habari ya malipo ya kahawa.

Wapo watakaouliza, historia na ununuzi wa pikipiki vina ujamaa gani? Nasadiki kwamba upo, tena wa karibu. Mtu anunuapo pikipiki iliyotumika hununua pamoja nayo mambo yote iliyotendewa tangu ilipotoka dukani, mema na mabaya, ayajue asiyajue. Na yule anunuaye mpya hununua habari za kiwanda kilichoitengeneza: kilianzaje, kina umri gani, na vipuri vyake vitaendelea kupatikana mpaka lini. Kwa hiyo wote wawili hununua mambo ya zamani. Tofauti ni kwamba moja ya habari hizo huandikwa vitabuni, na nyingine mara nyingi hufichwa chini ya rangi.

Pikipiki ni chombo kichanga kuliko tunavyodhani. Mwaka 1885 Gottlieb Daimler na mwenzake Wilhelm Maybach, huko Cannstatt katika Ujerumani, walifunga injini ndogo ya petroli katika kiunzi cha mbao. Na mwaka 1894 Hildebrand na Wolfmüller wa Munich wakaanza kutengeneza za kuuzia watu. Katika nchi yetu vita ndiyo iliyotangulia kuzileta kwa wingi. Mwaka 1916, jeshi la Jenerali Smuts lilipoingia Afrika Mashariki ya Kijerumani, kilikuwamo kikosi cha wapanda pikipiki kutoka Afrika Kusini. Yeyote aliyepita katika tope letu la masika aweza kukisia taabu waliyoiona.

Wakulima wenyewe hawakuwa na habari na vyombo hivyo. Chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, K.N.P.A., kilipoanzishwa mwaka 1925, na hata kilipofuatwa na K.N.C.U. mwaka 1933 chini ya Sheria ya Ushirika ya mwaka 1932, kahawa nyingi ya mkulima mdogo ilitelemka mlimani juu ya vichwa vya watu. Waliokuwa na pikipiki wakati ule ni maafisa wa Serikali, wamisionari na masetla wachache.

Soko kubwa la kwanza la pikipiki zilizotumika lilitokea baada ya Vita Kuu ya Pili, nalo lastahili kutazamwa kwa makini, kwa maana lina fundisho ambalo watetezi wa pikipiki mpya husahau. Jeshi la Uingereza lilikuwa limetengenezewa BSA za namna ya M20 zaidi ya 120,000, na Norton za namna ya 16H karibu 100,000. Vita ilipokwisha mwaka 1945 Serikali ya Uingereza haikuwa na kazi nazo tena. Wafanyabiashara wakazinunua kwa mafungu, wakazipaka rangi nyeusi juu ya rangi ya jeshi, wakaziuza kwa wafanyakazi ambao hawakuweza kununua mpya, na ambao hata kama wangeweza wasingezipata, kwa sababu viwanda viliamriwa kupeleka mali nje ili nchi ipate fedha za kigeni. Pikipiki zile zilikuwa zimepigwa na mawe ya Afrika Kaskazini na matope ya Ulaya, lakini ziliwafaa watu miaka mingi. Sababu ni kwamba pamoja nazo viliuzwa vipuri vyake, maghala kwa maghala. Na vijana waliorudi kutoka jeshini walikuwa wamekwisha fundishwa kuzifungua na kuzifunga. Hapo chombo kikuukuu kilikuwa na kila kitu ambacho chombo chahitaji: vipuri, mafundi, na namna moja iliyoenea kila mahali.

Katika miaka hiyohiyo jambo jingine lilitukia ambalo hunifurahisha kila nilisomapo. Kiwanda cha DKW cha Zschopau, Ujerumani, kilikuwa kimebuni kabla ya vita pikipiki ndogo yenye injini ya mapigo mawili, RT 125. Ujerumani iliposhindwa, michoro yake ilichukuliwa kama fidia ya vita. Waingereza wakaitengeneza kwa jina la BSA Bantam tangu mwaka 1948, Waamerika wa Harley-Davidson wakatengeneza yao, Warusi yao, na mwaka 1955 huko Japani kampuni changa ya Yamaha ikatoa pikipiki yake ya kwanza, YA-1, kwa kufuata kielelezo kilekile. Mtu aliyenunua Bantam mpya mwaka 1950 aliambiwa kwamba amepata kitu cha kisasa, kumbe amenunua fikira ya Wajerumani iliyokuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi. Wala hakupunjika. Kitu kilichokwisha jaribiwa miaka mingi huwa kimeonyesha magonjwa yake yote, na mafundi wameyajua.

Kutoka hapo habari yahamia Japani. Soichiro Honda alianzisha kampuni yake mwaka 1948, na mwaka 1958 ikatoa Super Cub, pikipiki ndogo ya mapigo manne ambayo mwenzake Takeo Fujisawa alitaka iwe nyepesi hata mtumishi wa duka la chakula aweze kuiendesha kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili umechukua sinia. Kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa milioni 100. Wenye viwanda wa Birmingham waliidharau. Waliona ni kitu cha kuchezea, nao wakaendelea na pikipiki zao kubwa zenye kuvuja oili. Mwaka 1971 Bantam ya mwisho ilitengenezwa, na mwaka 1973 BSA, kampuni iliyokuwa ikitengeneza pikipiki tangu mwaka 1910, ilikuwa imekwisha anguka na kumezwa na nyingine.

Hapa naomba msomaji asimame kidogo. Fikiri habari za mtu aliyenunua BSA mpya kabisa katika mwaka wa mwisho wa kiwanda. Alilipa bei ya mpya, akapewa karatasi za mpya, ikang'aa kama mpya. Na katika muda mfupi alikuwa na yatima mkononi. Hakuna aliyemwibia; ila hakuuliza hali ya mzazi wa chombo chake.

Sisi wa Tanzania tuliyaona mambo ya namna hiyo kwa njia nyingine, tena iliyo chungu zaidi. Mimi sikuwapo, lakini wazee wa vyama vyetu wayakumbuka vema. Kati ya mwisho wa mwaka 1973 na mwanzo wa mwaka 1974 bei ya mafuta duniani ilipanda karibu mara nne. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na kazi zao kupewa vijiji na mamlaka za mazao. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mwaka 1978 vita ya Kagera ikaanza. Fedha za kigeni zikaadimika nchini, na kila kilichotoka ng'ambo kikawa cha kuombewa kibali. Katika miaka ile pikipiki iliweza kuwa na matairi yenye vinundu vyake vyote na rangi isiyo na mkwaruzo, na bado ikasimama chini ya banda kwa kukosa plagi, au pete za pistoni, au mpira wa ndani wa tairi. Jirani yake mwenye pikipiki ya zamani ya namna iliyoenea alitembea, kwa sababu aliweza kuchukua kifaa kutoka katika ile iliyokufa ya binamu yake. Wazee husimulia kwamba pikipiki tatu mbovu za namna moja zilikuwa mali kuliko moja nzima ya namna isiyojulikana, na kwa jinsi mambo yalivyokuwa nawaamini.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1984. Katika bajeti ya mwezi wa Juni mwaka huo Serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa fedha hizo zimetoka wapi. Na mwaka huohuo vyama vikuu vikaanza kazi tena chini ya Sheria ya mwaka 1982. Vyombo vilivyotumika, magari na pikipiki, vikaingia pamoja na nguo za mitumba, na tangu siku hizo neno mtumba likaanza kuvishwa hata vitu vyenye magurudumu.

Kwa upande mwingine, miradi ya ugani na ya afya iliyosaidiwa na nchi za nje iliwapa Mabwana Shamba na wauguzi pikipiki mpya za Kijapani, zilizo imara na ndefu za miguu. Nyingi zilikufa zikiwa na umri mdogo. Haikuwa hapa petu tu. Katika nchi kadha wa kadha za Afrika wageni walikuta nyuma ya hospitali na ofisi safu za pikipiki zilizosimama kwa ubovu ambao ungetengenezwa kwa fedha kidogo. Waingereza wawili, Barry na Andrea Coleman, pamoja na mshindani wa mbio za pikipiki wa Kimarekani Randy Mamola, waliliona jambo hilo miaka ya 1980. Nao wakaanza kazi huko Lesotho mwaka 1991 kwa ajili ya wafanyakazi wa afya. Utaratibu wao ulikuwa rahisi mno: mpandaji aitazame pikipiki yake kila asubuhi, na vifaa vinavyolika vibadilishwe kwa tarehe, kabla havijavunjika. Kazi yao baadaye ikaitwa Riders for Health, ikaenea katika nchi nyingine za Afrika.

Hata mafundi wa Honda walikuwa wamekwisha liona jambo hilo kwa njia yao. Walipochunguza kwa nini injini zao zilikufa upesi katika nchi za Asia zilizokuwa zikiendelea, waliona kwamba wenyewe hawabadilishi oili wala hawatii mnyororo mafuta, na hutumia pikipiki ya mtu mmoja kubebea mizigo ya punda. Wangeweza kuwalaumu. Badala yake wakabuni injini nyingine, CG125, iliyotoka mwaka 1976, wakirudia namna ya zamani ya kusukuma vali kwa vifito, na mnyororo wakaufunika wote usipate vumbi. Yaani walirudi nyuma ili waende mbele. Injini hiyo ikatengenezwa Brazil tangu mwaka huohuo, na hatimaye ikaigwa katika China, hata leo sehemu kubwa ya pikipiki za bei nafuu zinazouzwa katika miji yetu ni watoto na wajukuu wake.

China ilikuwa imeanza polepole. Huko Chongqing kiwanda cha silaha cha Jialing kilianza kutengeneza pikipiki mwaka 1979. Na kufikia mwaka 1993 China ilikuwa imeipita Japani kwa wingi wa pikipiki zilizotengenezwa. India nayo ilijifunza kwa kushirikiana na Wajapani katika miaka ya 1980: Bajaj na Kawasaki, TVS na Suzuki, Hero na Honda. Matunda ya mafunzo hayo ndiyo Boxer na TVS zinazopita mbele ya ofisi yetu kutwa kucha. Yule ambaye baba yake aliota baiskeli aliweza sasa kuota pikipiki mpya.

Ndipo bodaboda ikatokea. Jina lenyewe ni la mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, ambako vijana walivusha watu kwa baiskeli. Pikipiki zilipopatikana kwa bei nafuu kazi hiyo ikaenea kila mahali, na hapa Tanzania kanuni za mwaka 2010 zikazipa pikipiki leseni ya kubeba abiria. Hapo ndipo palipozaliwa soko la pikipiki zilizotumika ambalo twalitazama sasa, nalo ni tofauti kabisa na lile la mwaka 1945.

Pikipiki nyingi tutakazoonyeshwa mjini zimetoka katika kazi hiyo. Imepanda mlima tangu alfajiri hata usiku, pengine na abiria wawili na mkungu wa ndizi. Lakini hata katika hizo pana tofauti, na wajumbe wasizihukumu zote kwa pamoja. Iko ile ya hesabu, ambayo kijana humpelekea mwenye mali kiasi kilichopatanwa kila siku, na chombo hakitakuwa chake kamwe. Huyo oili ya kubadili ataitoa wapi, na kwa faida ya nani? Na iko ile ya mkataba, ambayo baada ya muda wa malipo huwa mali ya kijana mwenyewe. Wa mkataba huitunza, angalau katika miezi ya mwisho anapoanza kuiita yangu. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza muuzaji lisiwe bei, wala kilomita, kwa maana mita ya kilomita mara nyingi imekatwa waya. Aulizwe ilikuwa ya hesabu au ya mkataba.

Sasa nije kwa daftari zetu wenyewe, ambazo ni historia fupi lakini ndiyo tuliyoilipia.

Pikipiki ya kwanza ya Chama Kikuu ilinunuliwa katika mwaka wetu wa pili, kabla sijaingia ofisini. Ilikuwa imetumika. Halmashauri ya wakati ule haikuwa na namna nyingine, maana ushuru ulikuwa mdogo na vyama kadhaa vilikuwa bado havijalipa hisa zao. Ilinunuliwa kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini ambaye simtaji, na kwa macho ilikuwa nzuri. Kadi yake ilikuwa na jina la mtu wa tatu ambaye hakuna aliyemjua. Tulipotaka kuihamisha umiliki ikaonekana kwamba namba ya injini si ile iliyoandikwa katika kadi: injini ilikuwa imebadilishwa, na hati ya injini ya pili haikuwapo. Ikakamatwa barabarani katikati ya msimu, ikalala kituoni wiki nyingi. Chombo cha unyevu kikawa kinakwenda juu kwa mguu na kwa lifti za watu. Vyama viwili vya huko juu vilipokea kahawa mbichi mwaka ule, ikalazimu kuanikwa upya, na iliposhuka daraja wakulima ndio waliokatwa malipo. Pikipiki ilipotoka kituoni ikaanza kula pistoni. Mwisho wa mwaka wa tatu jumla ya stakabadhi za vipuri ilikuwa imeipita bei ya kuinunulia.

Ya pili nayo ilikuwa imetumika, na hiyo ndiyo inayonitatiza nisiweze kusema kwa kinywa kimoja kwamba zilizotumika ni mbaya. Ilinunuliwa kwa Bwana Mifugo aliyestaafu, mtu wa tarafa yetu. Pamoja na kadi yenye jina lake, mzee huyo alitukabidhi daftari la shule la kurasa arobaini na nane, ambamo aliandika kwa mkono wake kila tarehe aliyobadili oili, kila mnyororo, kila tairi, na hata siku aliyoanguka nayo mtoni na sababu ya kuanguka. Tuliendelea kuandika pale alipoishia. Pikipiki hiyo ingali ikitembea siku ninapoandika haya, ingawa sauti yake imekuwa nene kidogo.

Ya tatu ilinunuliwa mpya. Siku ilipoletwa wajumbe walipiga picha nayo. Kitabu cha kiwanda kilisema isikimbizwe katika kilomita za kwanza, na oili ya kwanza imwagwe mapema, kwa sababu injini mpya hutoa unga wa chuma vyuma vinapozoeana. Lakini haikuwa na mpandaji maalumu. Karani aliitaka, mlinzi akaitaka, mjumbe mwenye msiba akaiazima, na kila mmoja alidhani mwenzake ametazama oili. Kitabu cha huduma hakikupigwa mhuri hata mara moja, na kwa hiyo dhamana ya duka ilipohitajika haikuwa na nguvu. Haikumaliza mwaka wa tatu.

Basi daftari zatuonyesha pikipiki mbili zilizokufa na moja iliyo hai. Na iliyo hai ni ile ambayo habari zake zilijulikana.

Kwa wale watakaokwenda kutazama, endapo mkutano utaamua kununua zilizotumika, nitaandika machache ambayo fundi wetu amenieleza. Mguse injini kwa mkono kabla haijapigwa kiki. Ikiwa ina joto, muuzaji ameiwasha kabla hamjafika, na pengine yuko na sababu ya kutotaka mwione ikiwaka baridi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, yaani pete au silinda zimelika; moshi mweusi ni petroli iliyozidi, nao hutengenezeka. Meno ya sproketi yakichongoka kama ya msumeno, mnyororo nao umekwisha. Mtazame chini ya tangi na shingoni mwa usukani kama pana mahali palipochomelewa na kupakwa rangi mpya. Namba ya chasisi na ya injini zisomwe na watu wawili, zilinganishwe na kadi, na fedha isitoke mpaka mwenye jina lililo katika kadi amesimama mbele yenu na kitambulisho chake na kutia sahihi. Akisema amesafiri, nanyi safirini.

Maoni yangu sasa. Kazi iliyo mbele yetu ni kuzungusha chombo cha unyevu na stakabadhi kila siku ya msimu, katika njia za mlimani, bila kukosa. Kwa kazi hiyo napendelea mpya mbili kuliko zilizotumika nne, kwa sharti kwamba ziwe za namna moja. Ziwe za namna ambayo vipuri vyake vyauzwa katika maduka zaidi ya moja hapa mjini. Na kila moja iwe na mpandaji mmoja mwenye daftari lake. Pasipo sharti hilo la tatu, hata nne mpya zitakwenda njia ya ile ya tatu, nami nitapiga kura ya kununua zilizotumika ili hasara iwe ndogo. Kama kabla ya mkutano atatokea mtu wa tabia ya yule Bwana Mifugo, mwenye chombo kimoja na habari zake zote, nitasema tununue hicho kwanza.

Vyama vya juu vina hoja ambayo sijapata jawabu lake. Wasema kwamba pikipiki mbili zitakuwa daima mikononi mwa vyama vilivyo karibu na barabara, na kwamba wao, waliokatwa malipo mwaka ule, wataona vumbi tu. Nne mbovu, wasema, walau mojawapo ingelala kwao. Jambo hilo lahusu ratiba na haki zaidi kuliko injini, na mkutano hauna budi kuwasikiliza.

Kuhusu pikipiki za umeme ambazo vijana wameniulizia, ni kweli kwamba katika Kigali na Nairobi zimekwisha anza kazi, na mwendeshaji hubadilisha betri kituoni badala ya kutia petroli. Kituo cha namna hiyo hakijafika kwetu.

Hati za bei kutoka maduka matatu zimo katika jalada la Halmashauri na zitasomwa kabla ya kura. Daftari za matengenezo za pikipiki zote tatu, pamoja na lile la Bwana Mifugo, zitawekwa juu ya meza karibu na mlango wa ukumbi kuanzia saa mbili asubuhi, na kila mjumbe aweza kuzifunua.